Mpimaji Tuliyemwandikia Barua

Miaka mitatu ya kwanza sikumpenda, na sioni haja ya kuanza kwa kumpamba. Mimi nilikuwa mapokezi, yeye maabara, na kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao wenye kidirisha cha kupitishia karatasi. Hospitali yetu ni ndogo, ya mtu binafsi, pale Migori mjini. Wafanyakazi hatufiki thelathini, kwa hiyo usiyempenda huna pa kumkwepea. Mtakutana kwenye chai, mtakutana kwenye foleni ya choo. Wagonjwa walimwita japim, yaani mpimaji, na sisi tukalichukua jina hilohilo.

Kwetu mtu akiingia kazini anasalimia, na kusalimia si kutupa neno moja na kupita. Unatoa mkono, unauliza ya nyumbani, unauliza kama mvua ya jana ilifika kwenu, ndipo unaenda kwenye shughuli zako. Mpimaji alisimama mlangoni, akasema, "Habari za asubuhi kwa wote," basi, imekwisha mpaka kesho. Ukimkuta saa tano ukamsalimia tena, alishangaa. "Tulisalimiana," alikuambia. Mkono hakutoa kabisa. Siku moja nilimnyooshea wangu makusudi mbele ya wagonjwa nione atafanya nini. Aliutazama, akasema, "Umeshika kadi za watu kumi na tisa tangu asubuhi," akaenda zake. Wagonjwa walicheka, na mimi nikaweka kinyongo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini na kitu, na mashati yake yote yalikuwa meupe ya mikono mifupi, yamefungwa hadi kifungo cha juu. Lebo ya shingoni alikuwa ameikata katika kila shati. Nilijua kwa sababu tundu zake za uzi zilionekana akiinama, na mimi ni mtu wa kuangalia mambo ya watu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengi walisema ni maringo. Mfagiaji wetu, mama mmoja kutoka upande wa Kehancha, ndiye peke yake aliyekataa. "Huyo haringi," alisema. "Huyo kichwa yake imepangwa kama kabati. Ukimsongeshea kikombe moja tu, anatafuta siku nzima." Tulimcheka yule mama. Nani angemsikiliza mfagiaji juu ya kichwa cha mtu wa maabara?

Chai yetu ni saa nne, na mara nyingi mtu huleta omena wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na ugali uliolala. Mpimaji alichukua chupa yake ya chai na viazi vitamu viwili, akaenda kula nyuma karibu na jenereta. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba harufu ya omena inaingia kichwani mwake na haitoki hadi jioni. Sasa wewe mwambie Mjaluo wa ziwani kwamba omena ananuka. Mpishi hakumsemesha miezi mitatu. Yeye hakutambua.

Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, mtu akituma picha ya waridi yenye maneno ya asubuhi njema, yeye aliandika, "Hii si ya kazi." Kila asubuhi, bila kuchoka. Msimamizi wa hospitali akamtoa. Mpimaji akaja kidirishani kunishukuru, akidhani ni mimi niliyemfanyia hisani hiyo.

Tena usidhani hakuwa na kicheko. Alikuwa nacho, ila kilichelewa. Tungepiga mzaha Jumatatu, yeye akatutazama tu. Jumanne asubuhi kidirisha kingefunguka. "Ile ya jana ya padri na pikipiki," angesema, "nimeielewa." Halafu angecheka peke yake kwa dakika nzima, machozi yakimtoka, na mimi ningecheka kwa sababu yake. Sasa nikikumbuka, hapo ndipo nilipoanza kumpenda kidogo, ingawa sikumwambia mtu.

Ibada ya asubuhi ilikuwa na ngoma. Chumba cha kusubiria ni kidogo, bati liko chini, na msimamizi alipenda ngoma ipigwe hadi vioo vitetemeke. Mpimaji alisimama nje kando ya tangi la maji, pamba masikioni, Biblia mkononi. "Mtu anaziba maskio asisikie jina la Yesu," msimamizi alituambia. "Huyo ni mtu wa aina gani?" Baadaye nilijua kwamba alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni na Zaburi nyingi alizijua kwa moyo. Ngoma ndiyo iliyomshinda, si Yesu.

Mtu huyohuyo asiyetaka kuguswa ndiye watoto hawakumlilia. Sisi wengine humwambia mtoto, "Haiumi," naye akichomwa anajua tumemdanganya. Mpimaji alimwambia, "Itauma mpaka nihesabu tatu. Baada ya tatu haitauma." Akachoma, akahesabu, na ikawa hivyo. Nimeona mtoto wa miaka minne akimpa kidole cha pili mwenyewe.

Kazi yake niieleze, maana bila hiyo hutamwelewa. Kioo cha malaria, kile kipande kinachopakwa tone la damu, hakionekani chote kwa mara moja chini ya hadubini. Unaona duara dogo, unasogeza, unaona duara jingine. Sheria ya kazi yao ni kwamba kabla ya kuandika kuwa mgonjwa hana vijidudu, usome maduara mia. Watu wengi, foleni ikiwa ndefu, husoma ishirini na kuandika hana. Yeye alisoma mia. Msimamizi aligonga ukuta, "Japim, watu wanangoja huku," naye akajibu bila kuinua kichwa, "Sijamaliza." Nilimsikia akimwambia mwanafunzi wa mafunzo ya kazi, "'Hakuna' ni neno zito. Usiliseme mapema."

Kuna mchimbaji mmoja wa dhahabu aliyekuja kutoka Macalder akitetemeka. Kipimo cha haraka hakikuonyesha kitu, daktari akampa dawa za maumivu, akamwambia aende nyumbani. Lakini kioo chake kilikuwa bado chini ya hadubini. Baada ya muda kidirisha kilifunguka. "Wa Macalder yuko wapi?" Nikamwambia ameshaenda stendi. Mpimaji alitoka na koti lake jeupe, akavuka barabara ya Isebania bila kutazama vizuri, akapita katikati ya makanga na kelele zote zile, pamba hana, na akarudi akimvuta yule mtu kwa ncha ya mkono wa shati, kwa vidole viwili. Mchimbaji alilazwa siku tano. Mpimaji alipewa barua ya onyo kwa kuondoka kazini bila ruhusa. Yule mtu alipopona alileta jogoo wa shukrani, mpimaji akamkataa, akisema yeye alikuwa anasoma kioo tu. Jogoo nilimchukua mimi.

Sasa nifike pale ambapo sipapendi.

Mama yake metroni wetu aliletwa na wanawe kutoka Ndhiwa, amevimba miguu, amechoka. Metroni mwenyewe, mkuu wa wauguzi wetu, wiki hiyo alikuwa Kisumu kwenye mafunzo. Jumanne saa kumi jioni mpimaji alinipitishia karatasi kidirishani. "Nne nukta mbili," alisema. "Hii ni ya leo." Kiwango cha damu cha nne ni cha kumtoa mtu mbio, lakini yeye alisema kwa sauti ileile ambayo huombea kalamu. Mbele yangu palikuwa na watu kumi na mmoja, na mmoja wao akinitukana. Niliiweka karatasi kwenye trei ya daktari, na juu yake nikaweka nyingine. Daktari alikuwa ameshaondoka. Jumatano sikuja, nilikuwa Rongo kwenye mahari ya binti wa dada yangu, na trei haikuguswa. Alhamisi asubuhi karatasi ilionekana, damu ikatafutwa hadi Homa Bay, mama akaongezewa mchana. Jumamosi akafa. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka tayari na huenda hata Jumanne isingemsaidia. Huenda. Mimi nimelishika neno hilo kama mtu anayeshika ukuta gizani.

Matangani hospitali ilituma watu, kama desturi. Kwetu ujumbe wa kazini husimama mbele ya hema, na kila mmoja husema neno juu ya marehemu. Mwongoza shughuli akasema, "Watu wa hospitali, kila mtu aseme kidogo vile alijua mama." Tukasema. Mama alikuwa mkarimu, mama alikuwa na tabasamu. Mimi nilisema alinipokea kama bintiye, na nilikuwa nimemwona mara moja tu, amelala. Ni uongo wa adabu na kila mtu anaujua. Kisha zamu ikamfikia mpimaji.

"Mimi nilimjua mama kwa damu yake," alisema. "Jumanne ilikuwa nne nukta mbili. Niliandika, nikapeleka. Aliongezewa Alhamisi. Poleni sana." Akarudi mahali pake.

Mzee mmoja, ndugu wa marehemu, akauliza polepole, "Jumanne mpaka Alhamisi? Jumatano mlikuwa wapi?" Msimamizi alikohoa, akaomba wimbo. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kutangaza kipimo cha mgonjwa mbele ya umati ni kosa, tena kubwa. Mpimaji alipoelezwa hivyo Jumatatu, alikubali palepale na kwenda kumwomba metroni radhi. Kama angeadhibiwa kwa hilo nisingekuwa na neno. Lakini hilo silo lililoandikwa.

Msimamizi aliniita ofisini. "Wewe unajua kuandika," alisema. "Andika kwa niaba ya staff. Hatuwezi endelea na mtu kama huyu." Niliandika jioni hiyo kwenye kompyuta ya mapokezi. Niliandika kwamba hawezi kufanya kazi na watu. Niliandika kwamba hasalimii, hali na wenzake, hasali nao, na kwamba wafanyakazi wanaiogopa tabia yake. Hakuna aliyemwogopa. Mimi ndiye niliyekuwa na hofu, nayo ilikuwa ya daftari lake la maabara, ambamo aliandika kila karatasi iliyotoka, saa yake na aliyeipokea. Jumanne saa kumi na dakika tano lilikuwa jina langu. Nilitaka aondoke na daftari lake.

Watu ishirini na wawili walitia sahihi. Metroni alikataa. "Mama ni wangu, uchungu ni wangu, na mimi sijalalamika," alituambia. "Nyinyi mnalilia nani?" Tukasema ana huzuni, hajui anachosema.

Kabla ya kikao cha kumjadili alikuja dada wa mpimaji, mwalimu wa Homa Bay, mwanamke mpole mwenye bahasha. Alikuwa amempeleka kwa daktari Kisumu, na karatasi ilisema ana usonji. Alitueleza kwamba amezaliwa nao, kwamba si wazimu wala si kiburi, na kwamba sheria inamlinda. Aliomba mambo matatu tu: runinga ya mapokezi ipunguzwe sauti, maagizo aandikiwe, na akitaka kula peke yake aachwe. Alidhani ameleta dawa. Msimamizi aliisoma karatasi mara mbili na uso wake ukalainika, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

"Madam, ungetuambia mapema," alisema. "Sisi tulifikiria ni jeuri. Kumbe ni mgonjwa. Sasa mgonjwa tutamwachaje na mikroskopu? Damu za watu?" Na yale matatu aliyakataa kwa upole. "Tukimpa yeye, kesho kila mtu ataomba yake."

Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao. Mpimaji alikaa wima, mikono chini ya mapaja. Waliposema yote, aliuliza, "Nilikosea kipimo gani?" Msimamizi akasema si suala la vipimo. Akauliza tena, "Katika miaka sita, nilikosea kipimo gani?" Wakamwambia hapa tunazungumzia mahusiano. Mara ya tatu aliniuliza mimi, labda kwa kuwa nilikuwa na kalamu. "Andika jibu lao," alisema. Sikuandika hata swali.

Walimpeleka stoo kuhesabu glavu, wakaiita huruma. Miezi minne baadaye mkataba wake ukaisha na haukuongezwa. Tulimfanyia keki. Tuliimba na kupiga makofi kwenye kile chumba chenye bati la chini, naye akasimama mlangoni na pamba zake akisubiri tumalize. Nikikumbuka keki ile nasikia aibu hadi leo.

Aliyekuja baada yake ni mtu mzuri. Anasalimia, anakula omena, kwenye ibada anapiga ngoma mwenyewe. Vipimo vyake hutoka haraka na foleni yangu ni fupi. Kama kuna waliorudi nyumbani na vijidudu vyao, hawakuja kutuambia.

Mwaka huu nilikwenda Magunga kumwona dada yangu mkubwa aliyeolewa huko, nikamkuta na homa. Zahanati ilikuwa karibu, jengo la vyumba vinne, kimya kabisa. Tulipofika mlango wa maabara nilimwona kwanza kisogo, kisha zile tundu za uzi kwenye ukosi.

"Wewe ni wa mapokezi, Migori," alisema. Hakutoa mkono na mimi sikunyoosha wangu. Alimchoma dada yangu, akahesabu tatu, akatuambia tungoje. Tulingoja sana. Dada alinong'ona, "Huyu mtu mbona polepole hivi?" Nikamwambia atulie. Jibu lilikuja: malaria ipo, si nyingi. Dada alipokwenda kuchukua dawa, nilibaki.

"Japim," nilisema, "ile barua niliandika mimi."

"Najua. Ufunguo wa kompyuta ya mapokezi ulikuwa na wewe."

"Nataka kukuomba msamaha."

Alifikiria. "Nikikusamehe, itatoka kwenye faili?"

"Hapana."

"Basi hiyo tuiache kwanza."

Akanieleza hali yake bila kunung'unika, kama anayesoma matokeo. Pale Magunga anaitwa siku tatu kwa wiki, siku nyingine hana kazi. Hospitali moja ya Homa Bay yenye maabara kubwa imemwita kwenye usaili mara mbili, na mara mbili amefaulu mtihani wa hadubini. Kisha wanapiga simu Migori na wanasomewa barua yangu. Usaili wa tatu, ambao ni wa mwisho, ulikuwa baada ya wiki mbili.

"Matokeo yakitoka na makosa," alisema, "tunaandika mengine. Tunatia sahihi, tunapeleka palepale." Akanisogezea karatasi na kalamu.

Niliandika nimeinama kwenye meza yake. Mimi ni mwepesi wa kuandika, na niliandika vizuri, kwamba baadhi ya wafanyakazi walipotoshwa wakamhukumu mwenzao kwa tabia zisizohusu kazi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Baadhi ni nani?"

Nikakata, nikaandika jina langu kamili na nambari ya kitambulisho. Akasoma tena. Jumanne haikuwamo, nami nikashindwa kuiacha.

"Kwa nini hukunitaja kule matangani?" nilimuuliza. "Daftari lilikuwa na jina langu."

"Waliuliza juu ya mama," alisema. "Hawakuuliza juu yako."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwogopa mtu ambaye hakuwa hata ananitafuta. Nilichukua karatasi nyingine nikaanza upya. Niliandika Jumanne, saa kumi na dakika tano, trei, karatasi nyingine juu yake, na mahari ya Rongo. Niliandika kwamba katika miaka sita hakuna aliyeweza kutaja kipimo alichokosea, na kwamba aliuliza mara tatu kikaoni na mimi sikuandika swali lake. Alisoma hadi mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akaniambia ninakili mara tatu: moja ya Homa Bay, moja ya metroni, moja yangu, na ile ya kwanza niipeleke mwenyewe kwenye faili.

Jumatatu niliiweka mezani kwa msimamizi kabla ya ibada. Aliisoma amesimama, kisha akakaa akaisoma tena. Nje ngoma ilikuwa imeanza. Alinitazama kwa ule uso uliolainika, akaniuliza kwa huruma kabisa kama siku hizi mimi pia ni mgonjwa.

Nikamwambia mimi ni mzima, na nakala yangu naomba aigonge muhuri wa kupokea.